Mikate ya Ndizi Isiyonuka Moshi

Asubuhi ambayo wakwe walikuwa njiani kuja kwetu, mtaa wa Saio, kumposa mdogo wangu, nilitoka uani nikakuta jiko la mama halina moto. Sufuria ya mafuta ya mawese ilikuwa imeinamishwa ukutani, kavu. Nilisimama pale nimepigwa na butwaa.

Kwetu, tangu kule Djugu kabla hatujakimbia vita, mama wa binti hukaanga mikate ya ndizi wageni wakimwona. Huponda ndizi ndogo zilizoiva, hutia unga wa muhogo, huzamisha matonge katika mawese yanayochemka. Mkate wa kwanza hupewa mama wa bwana harusi ukiwa bado wa moto. Dada zangu wakubwa wote waliposwa hivyo, na utoto wangu mzima unanukia hivyo.

"Mama iko wapi?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Anavaa. Leo hatakaanga, yaya," akaniita kama mkubwa wake. "Niko na yangu."

Akafunua sinia. Vikate vidogo vilivyookwa, sukari kidogo, kakao ndani, karanga juu, kila kimoja katika kikombe chake cha karatasi. Ndivyo anavyowauzia vijana wa ofisini kule mtaa wa Shari, wasiotaka mafuta vidoleni. Ndizi zimo, akaniapia.

"Watasema tulinunua dukani. Watarudi kwao na hutaolewa."

"Basi nitabaki hapa, nikukaangie weye."

Wageni wakaketi. Mama akapiga goti mbele ya mama wa bwana, akampa sinia kwa mikono miwili. Yule mama akageuza kikombe, akakitazama hadi chini.

"Mawese iko wapi?"

Nikageuka kumtazama mama.

"Musichana mwenyewe alipika," mama yangu akasema. "Bila mawese."

Mgeni akauma, akatafuna polepole. Kisha akachukua cha pili, akakifunga katika ncha ya kitenge chake. "Cha muzee wangu," akasema. "Yeye meno ilisha." Watu wakacheka, na posa ikapita.

Mimi sikucheka. Walipoondoka nikamfuata mama uani. Nilimuuliza kama hakuumia kuona desturi yake imeachwa hivyo.

"Kuumia juu ya nini?" Alikuwa anavua viatu vyake vya kanisani. "Dada zako walipoposwa, nilikuwa hapa inje. Wageni wanaongea mu nyumba, mafuta inalia, sisikii kitu. Machozi inatoka, watu wanasema ninalilia mutoto. Ilikuwa moshi. Leo nilikaa. Nilisikia yote ule kijana alisema juu ya binti yangu."

Mimi ninayejigamba kwamba nakumbuka posa za dada zangu hadi rangi ya vitambaa vya meza, nilijaribu kuutafuta uso wa mama katika siku zile. Niliona mgongo tu, umeinama juu ya sufuria.