Ndagala Juu ya Majani ya Kiboko

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kavimvira kabla ziwa halijapanda, hatukuuliza ni saa ngapi. Tulitazama mlima. Jua la Uvira hujificha mapema nyuma ya milima, na kivuli kilikuwa kinashuka polepole: kwanza kwenye mashamba ya mihogo, kisha juu ya mabati ya nyumba, kisha mchangani, mwisho majini. Ng'ambo, Bujumbura ilikuwa bado inang'aa wakati sisi tumeshaingia kwenye ubaridi. Kivuli kikigusa maji, kila mtoto alitoka ziwani bila kuitwa, maana saa ya viboko kwenda malishoni imefika. Siku hizi nawaona vijana wenye simu mbili mfukoni, na bado wanachelewa kila mahali.

Najua nitasahau kitu, na wale niliokua nao watanisahihisha. Hofu hiyo ya kukosea ninayo tangu utotoni. Sikufundishwa na mtu kuandika, kwa hiyo kila sentensi naigeuza mara nyingi kabla ya kuiacha. Hata samaki nilikuwa nawageuza. Mama alikuwa anaanika ndagala, na mimi nilipita nyuma yake nikizinyoosha, vichwa vyote vielekee ziwani. Mama alinitazama akatikisa kichwa: "Weye, hizi ndagala haziendi misa. Ziache zilale vile zinataka."

Tulikuwa na matete marefu kuliko baba zetu, na ndani yake ndege weupe wasioonekana mpaka waruke wote pamoja. Tulikuwa na mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba za nyavu kuukuu. Uliingia majini mara kwa mara, ukawa mzito kama jiwe, na aliyeupiga kwa kichwa alikwenda nyumbani na kizunguzungu. Tulifua sare za shule ziwani, tukazitandaza kwenye mawe ya moto, tukaogelea tukingoja zikauke. Mchana tulikula bugali na sombe, majani ya mihogo yenye mawese mengi, vidole vikabaki vyekundu mpaka jioni, na mwalimu akavisoma kama kitabu: huyu alikula, yule hakula.

Ndagala zilifika asubuhi kutoka kwenye mitumbwi, nyeupe, zikimeta. Akina mama wengi walizianika mchangani. Tatizo ni kwamba mnunuzi alikuwa anauma ndagala moja kabla ya kusema neno, na mchanga ukilia kwenye meno yake, alikwenda kwa mwingine. Lakini kando ya matete kulikuwa na kipande cha majani ambacho viboko walikila kila usiku mpaka kikawa kifupi kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Hapo ndipo mama alianika. Ndagala zake hazikuwa na mchanga hata kidogo.

Jirani yetu, Mama Furaha, alianika mchangani, hatua chache kutoka hapo, na hakuweza kuvumilia.

"Majani yote ya Kavimvira Mungu aliumba kwa ajili yako?"

"Amka mapema kama minye, nayo itakuwa yako."

Waligombana hivyo kila asubuhi, na jioni wakaazimana chumvi.

Wiki moja, mdogo wangu Neema alikuwa anangojea komunyo yake ya kwanza, na mama alikuwa amemwahidi wali. Mchele ulikuwa Bwegera, kule bondeni, ambako akina mama wa mashamba walibadilishana nasi, sahani ya mchele kwa sahani ya ndagala. Kamyo, lori la kwenda huko, ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi. Ndagala zote alizokuwa nazo mama zilikuwa pale juu ya majani. Siku hiyo mawingu yalifunika anga tangu asubuhi. Ndagala zilichelewa kukauka, na mama akasema tungoje kidogo. Hakukuwa na jua, kwa hiyo hakukuwa na kivuli. Tulingoja tu, kama watu waliopotelewa na saa yao.

Matete yakafunguka, kiboko akatoka.

Mama alitusukuma nyuma ya mtumbwi wa Mama Furaha uliokuwa umevutwa nchi kavu. Kisha nikaona mguu wake unarudi kuelekea ndagala. Nilishika kitenge chake kwa mikono miwili. Sikulia. Nilishika tu, na mpaka leo nikiogopa kitu, vidole vyangu hujikunja vile vile.

Mama akabaki. Kiboko alikula majani yake taratibu, akizizunguka ndagala kama mtu mwenye adabu, na tukaanza kutumaini. Ndipo akatugeuzia mgongo. Anayewajua viboko anajua mkia ule unavyozunguka, na unavyotawanya mavi kila upande. Hakuna ndagala iliyopona.

Kutoka upande wa pili wa mtumbwi ikaja sauti ya Mama Furaha: "Mama Neema, kiboko imekutilia na pilipili!"

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikageuka, nikamwona anapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Neema akauliza, "Sasa mchele?"

Kiboko aliporudi majini, Mama Furaha alifungua gunia lake, akamimina nusu kwenye beseni letu.

"Ziko na mchanga," mama akasema.

"Najua. Bwegera watakutukana weye, si minye. Na usinishukuru. Kesho nakaa pale pako."

"Kaa. Na bwana yako kiboko akusalimie."

Jumapili tulikula wali. Neema alikaa na gauni lake jeupe akila polepole ili usiishe. Mama Furaha alisema haukuiva vizuri, akaongezwa sahani ya pili, akaimaliza.

Kisha ziwa likapanda. Majani yale sasa yako chini ya maji, na mchanga, na nyumba ya Mama Furaha, na yetu. Viboko wamekosa malisho, wanapita katikati ya nyumba za watu wakiyatafuta, na vijana badala ya kuwapisha wanawapiga picha kwanza. Sisi tulihamia juu, karibu na mlima. Mama Furaha yuko mji wa Baraka kwa mtoto wake. Wanapigiana simu na mama, lakini réseau hukatika kabla hawajaanza kugombana vizuri.

Mama bado anaanika ndagala kidogo uani, juu ya wavu uliotundikwa kwenye miti. Hazina mchanga. Majirani wa huku ni watu wazuri, wanamsalimia kwa heshima, wanampongeza kwa kazi yake. Mama anawaitikia, kisha anasimama kidogo karibu na wavu, kama anayengoja waendelee mpaka kwenye matusi.