Wanawake Waliokuwa Wakianguka

Muuguzi Tabita Mbonile alifanya kazi miaka kumi na miwili katika zahanati moja ya milimani Ileje, na miaka yote hiyo wanawake wa huko walikuwa wakianguka. Walianguka bombani, walianguka kwenye kahawa, walianguka na kuni. Waume zao waliteleza mara chache sana.

Sababu ilikuwa PF3, fomu ya polisi. Aliyepigwa aliambiwa aje nayo kwanza ndipo atibiwe, na kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa nusu siku. Kwa hiyo Tabita alishona jeraha, kisha akaandika kwenye rejesta: ameanguka. Wenzake walimfundisha hivyo alipoajiriwa. Ilikuwa huruma ya kweli, mimi simcheki. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, ila yake ilikwenda miaka kumi na miwili.

Dina wa kijiji cha Mbebe aliandikwa hivyo mara tatu. Mara ya nne alivunjwa mkono, akaenda polisi mwenyewe, akaja zahanati na fomu. Alitaka mumewe, Watson, afungwe, ili yeye awachukue wanawe wawili arudi kwao.

Mahakamani Watson alijitetea kwa upole. "Mheshimiwa, huyu mke wangu ana tabia ya kuanguka. Hata rejesta ya zahanati inasema."

Rejesta ikaletwa. Ilisema hivyo hivyo, mara tatu, kwa mwandiko mzuri. Tabita akaitwa kutoa ushahidi.

"Hakuanguka," alisema. "Niliandika uongo ili nimtibu."

Watson akaruhusiwa kumuuliza swali. "Sista, kama ulidanganya mara tatu, leo tukuamini kwa lipi?"

Tabita alishikwa na aibu ambayo hakuwahi kuipata mbele ya mgonjwa yeyote. Hakimu alisema shauri lina shaka, na Watson akaachiwa.

Nje ya mahakama Dina hakulia wala hakumlaumu. Aliuliza tu, "Sista, nikija tena utaandika nini?"

"Amepigwa. Na jina la aliyempiga."

"Haya," alisema Dina. Akaomba afungiwe vizuri kitambaa kilichoshikilia mkono, kisha akapanda bodaboda kurudi nyumbani kwa Watson, maana watoto walikuwa huko.