Angalia Mikono, Usiangalie Uso wa Dada

Mwanangu, jana nilikusikia kwenye kibanda cha mpira ukibishana na wenzio kipa gani bora. Huyu ana pasi ndefu, yule ana sauti, mwingine anaruka kama nyani. Moyoni nilirudi kijijini Lionja, siku niliyotakiwa mimi kuchagua kipa, na nusura nimpoteze dada yangu. Hebu kaa nikusimulie, na hiyo simu iweke chini kwanza.

Ilikuwa miaka ya tisini, korosho zimeshaanza kuanguka. Timu yetu ilikuwa inakwenda Ruangwa kucheza na vijana wa Chunyu, na kipa wetu alikuwa amevunjika mkono. Mimi nilikuwa bado kijana, lakini niliwahi kudaka mpaka goti likanikatalia, basi wakaniambia, "Wewe ndiye unayejua mambo ya golini. Tuchagulie." Walijitokeza wawili. Wa kwanza Salumu, mtoto wa dada yangu. Na wewe unajua kwetu mpwa ni nani kwa mjomba wake, ndiye mrithi. Wa pili Kasiani, kijana mkimya wa Kimakua, watu wao walitoka Msumbiji, kazi yake kubangua korosho pamoja na mama yake.

Dada yangu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Asubuhi ile alinikuta nanawa uso, hata salamu hakunipa.

"Mjomba gani anamnyima mpwa wake?" akasema. "Ukimwacha mwanangu mbele za watu, mlango wangu usiujue tena."

Nikaenda uwanjani maneno hayo yakiniandama.

Uwanja ulijaa. Dada alisimama karibu na goli, mikono kifuani, ananitazama mimi tu. Glovu zilikuwa pea moja ya timu, Salumu akazivaa akaanza. Loo! Yule kijana alikuwa anaruka! Anakwenda hewani, anaupangua mpira kwa ngumi, anajiviringisha chini, wanawake wanapiga vigelegele. Alipoingia Kasiani, hakuna aliyepiga hata kofi. Alisogea kidogo, mpira ukaingia mikononi, basi. Watu wakaanza kunung'unika kwamba anapigiwa mipira laini, na wapigaji walikuwa walewale!

Nikafungua mdomo kumtaja Salumu. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ndipo mzee Mponda, aliyenifundisha kudaka, akanishika bega. Alikuwa mtani wetu, na mtani hana breki.

"Bwege wewe! Umeitwa kuangalia mikono ya makipa. Mbona unaangalia uso wa dada yako?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mzee akaagiza mpira uchovywe kwenye ndoo ya maji, kila mmoja apigiwe kwa karibu akiwa amesimama, marufuku kuruka. "Sasa wewe," akaniambia, "usiangalie mtu. Angalia mikono, tangu mpira unapogusa mpaka unapotulia."

Hapo ndipo nilipoona. Mikono ya Salumu ilikuwa migumu kama ubao. Mpira uligonga ukaruka mbele, akaukimbilia. Wa pili vivyo hivyo. Mikono ya Kasiani iliupokea mpira huku ikirudi nao nyuma, taratibu, mpaka ukatulia kifuani. Nikamwita, nikamvua glovu. Maskini, viganja vilikuwa vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho.

"Ukiupokea kwa nguvu unauma, kaka," akasema kwa aibu. "Kwa hiyo mimi naupokea polepole."

"Kasiani," nikasema. Salumu akaipiga ndoo teke, maji yakanilowesha. Dada aligeuka akaondoka.

Ruangwa tulicheza kwenye mvua. Tulikuwa tunaongoza bao moja, mpira unakaribia kwisha, nami nimesimama nyuma ya goli roho iko juu. Salumu alikuwa amekuja kwenye lori letu, amenuna, yuko kando yangu. Mara kijana wa Chunyu akapiga shuti la karibu, kali, na mwenzake amesimama mbele ya Kasiani anangoja mpira umtoke mikononi tu. Nikawaza, ukimponyoka huu nitarudi nyumbani sina mechi, sina dada. Kasiani akaupokea, akarudi nao, akaulalia kwenye tope. Yule aliyekuwa anangoja akabaki kushika kiuno. Filimbi ikapulizwa.

Salumu akasema, bila kunitazama, "Ule mimi ningeupangua, mjomba. Na yule jamaa angefunga."

"Kamwambie mama yako," nikamjibu.

Sijui alimwambiaje. Kesho yake Salumu alikuja kuniita. Nilipofika kwa dada nilisimama uani, nikaogopa kuingia. Akatoka na jagi la maji na beseni, macho mekundu.

"Unangoja nini hapo? Mlango huu huujui?"

Akaninawisha mikono mwenyewe, kama alivyokuwa akininawisha utotoni. Nililia, mwanangu, sikuficha.

Basi siku utakapoitwa kumpima mtu, jiulize kwanza umeitwa kupima nini. Kama ni mikono, pima mikono. Achana na vigelegele, achana na mbwembwe, hata damu yako ikiwa imesimama pembeni inakukodolea macho. Itakuuma, lakini pima kwa haki. Na watu wako usiwakatie tamaa wakikununia, maana nao wana macho, wape nafasi waone.

Mungu akujalie macho yasiyoyumba, mwanangu, na ukishasema kweli yako, akuwekee nyumbani mtu wa kukunawisha mikono.