Sukari ya Bi Sitara

Bi Sitara, muuza kanga wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, alikuwa hamwamini mtu. Noti ukimpa anaiinua juani, hata kama mmezeeka wote mtaani. Ukimsifia kanga zake, anajua unataka kukopa. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa wakala wa bima ya afya! Aliyemleta ni jirani yake wa duka, Joyceline, ambaye kampuni ya wakala huyo ilimlipia mama yake mzazi hospitali.

"Shikamoo, mama," akaanza wakala, kijana aitwaye Onesphory.

"Marahaba. Sema haraka, nina wateja."

Akaeleza. Kampuni yao ni ya binafsi, na wazee inawapokea. Kulazwa, vipimo, dawa, inalipa. Miwani na meno unaongezea ada. Ugonjwa ulio nao tayari hawaugusi mwaka wa kwanza, ukipita, wanalipa.

"Kwa hiyo, mama, una sukari? Presha?"

Weee! Bi Sitara alimkata jicho. Huyu siri za mwili wangu anampelekea nani? Kwao maradhi hayatangazwi, husuda ipo. Ukiulizwa hali, unamshukuru Mungu, basi.

"Mzima, alhamdulillah."

Mzima wapi! Sukari anayo tangu marehemu mumewe yu hai, na vidonge anamezea chooni ili hata mwanawe Husna asijue. Akalipa ada shingo upande, akakaa kusubiri kuibiwa.

Hakuibiwa. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza, ndipo kidonda cha mguu kikagoma kupona. Hospitali wakampima, sukari ikaonekana, na ni ya siku nyingi. Kampuni ikakataa kulipa: alificha.

"Si nilisema? Matapeli nyie!" alimfokea Onesphory aliyekuja wodini kumjulia hali. "Mliniwinda tangu siku ile!"

Kijana wa watu akainama. "Mama yangu, ungeniambia tu. Tungekuandika na sukari yako hiyohiyo. Mwaka wa kusubiri si umeshapita? Leo wangelipa yote."

Bi Sitara akautafuta uongo usoni mwa kijana yule, hakuuona.

Pesa ya kusafisha kidonda haikuwepo. Joyceline, aliyekuwa naye wodini, akarudi Kariakoo kupitisha mchango duka kwa duka, na kila aliyetoa aliuliza kwanza Bi Sitara anaumwa nini. Joyceline akawaambia wote: sukari.