Mrija wa Baba Mkwe

Jumamosi hiyo Milcah Namalwa alifagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa. Moyo ulimwenda mbio kana kwamba anaposwa yeye, kumbe anayeposwa ni Ivyne, binti yake wa pekee. Wakwe walikuwa njiani kutoka Machakos. Chungu cha busaa, pombe ya nafaka, kilikaa katikati ya uwanja hapo mtaani Mountain View, chifu alikuwa ametoa ruhusa, na maji ya kumimina chunguni yalikuwa yanachemka.

Jambo moja tu lilimkwaruza. Joash, mumewe, aliyewaacha Ivyne akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni akahamia kwa mwanamke mwingine, Mercyline, kule Dagoretti Corner, alikuwa amepiga simu alfajiri. "Mama Ivyne, nakuja. Mimi ndiye baba. Chungu nitafungua mimi."

Katika ukoo wa Joash, mwenye boma huonja kwanza mbele ya wageni. Anayeonja ndiye wakwe wanayemtambua kuwa mzazi, na ndiye watakayesema naye siku zote. Namalwa alifua nguo za watu Westlands mpaka vidole vikachubuka ili Ivyne asome. Homa za mtoto alizikesha peke yake. Leo mtu aje na koti lililopigwa pasi, aitwe mzazi?

"Mama, mwache tu," alisema Ivyne, ambaye huuza juisi Westlands. "Atakunywa, atapiga picha, ataenda."

"Akionja yeye, mimi nimekuwa mpishi tu kwa sherehe yako."

Namalwa akatupa jicho ukutani, juu ya jiko, palipotundikwa mrija mrefu kuliko mtu, umekolea moshi. Waluo, watu wa Joash, huuita oseke. Kwao Namalwa, Bungoma, ni lusekhe. Ni kijiti chenye uwazi ndani, kimepindwa kwa moto, na kwenye ncha yake kuna kichujio kidogo kilichosukwa ili machicha ya pombe yasipite. Ulikuwa wa baba yake Joash. Mzee alipokuwa anakufa, Namalwa ndiye aliyemgeuza kitandani na kumlisha uji. "Chukua, nyar Bungoma," alimwambia, yaani binti wa Bungoma. Tangu hapo hakuwahi kuunywea. Aliogopa kuitwa mwizi.

Wakwe walifika kwa vigelegele. Wazee wa ukoo walikuwa wamezunguka chungu, kila mmoja na mrija wake. Mzee Ndambuki, baba wa bwana harusi, akasimama akashangaa.

"Wazee, hii ni pombe ama tunaenda vita? Sisi kwetu tunashika kibuyu."

Mzee Obuya, mdogo wa marehemu baba yake Joash, akacheka. "Keti, mkwe. Watu wa zamani walianza na bua la nyasi. Wakaona ni fupi na linajaa machicha, wakatafuta hii oseke. Hata zile za karatasi Ivyne anapatia watu na juisi ni wajukuu wa hii."

Hapo ndipo Joash alipoingia, koti la bluu, viatu vinang'aa. Mkononi alikuwa na mpira wa plastiki, ule wa kupitishia maji, alioununua kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Oseke yako iko wapi?" Obuya aliuliza.

"Watoto wa Mercyline walivunja. Hii ni mpya, Mzee. Dunia imebadilika."

Akatumbukiza mpira chunguni, akavuta. Mashavu yakaingia ndani, macho yakamtoka. Hakukuwa na kichujio. Machicha yakapanda, yakaziba. Akavuta tena kwa nguvu, yakamwingia kooni yote kwa mara moja, akakohoa, busaa ikaruka mpaka kwenye koti.

"Hiyo si kuonja, Joash. Unakunywa ama unajaza tairi upepo?" mzee mmoja alipaza sauti, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Nipe yako basi, Mzee," Joash alimwambia Obuya huku akijipangusa.

Kicheko kikakatika. Mrija wa mtu aliye hai hauombwi.

"Si ungeanza na mswaki wangu," Obuya alisema.

Namalwa hakungoja tena. Aliingia ndani, akarudi na mrija begani. Obuya akagusa waya wa shaba uliozungushwa katikati yake.

"Huu ni wa ndugu yangu."

"Ameuiba!" Joash alifoka. "Na mwanamke hawezi kufungua chungu!"

"Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Nilimsikia ndugu yangu akimpa. Wewe ulikuwa wapi?" Obuya akasogeza kiti. "Mwenye mrija ana nafasi yake. Keti, nyar Bungoma."

Miaka yote hiyo mzee huyu alijua, na alinyamaza! Neno lilimjaa Namalwa mdomoni, akalimeza. La Obuya lingengoja siku yake. Akaketi, akashusha mrija, akavuta. Busaa ikapanda safi, ya uvuguvugu, chachu kidogo, mpaka ulimini. Vigelegele vikapasua uwanja.

Mzee Ndambuki akavua kofia, akageuza kiti chake kumwelekea. "Mama, basi tuongee na wewe."

"Tuongee, mkwe," alisema Namalwa. Kisha akamwita binti yake. "Ivyne, mletee baba yako glasi. Asikae na kiu."

Ivyne alileta glasi ya juisi, na ndani yake mrija wa karatasi.