Fundi Asiyetikisa Kalamu

Walisema sitaweza. Pale Makadara, mtaani kwetu Mvita, wanywaji kahawa walicheka hadharani: "Mwana wa mpagazi apime tumbo la dunia? Na apime unga kwanza!" Nikaenda ng'ambo, nikarudi na diploma ya jasho langu. Hili ni kweli tupu, na nimechoka kulisimulia kwa watu wanaotabasamu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Walimu wangu wa ng'ambo walinipa mashine ya kunasa mitetemeko, nikaiweka ghalani, chini ya nyumba ya Bi Zuhura, iliyojengwa enzi za babu zake, Mji wa Kale. Tetemeko likitokea mbali, Asia huko, hutoa mawimbi yanayoisukuma ardhi ubavu kwa ubavu. Yakifika chini sana na kukuta mwamba umebadilika, nayo hubadili mwendo. Hivyo ndivyo mipaka ya ndani ya dunia hujulikana. Lakini mashine sharti ielekee kaskazini barabara. Yangu ilitoa michoro iliyovurugika miezi mitatu. Barua ya walimu ikaja: michoro ya mwezi huu ikiharibika nayo, tunaichukua mashine.

"Baba, hiyo imekaa upogo," Bi Zuhura aliniambia. "Kibla ni kule."

"Bibi, mimi nina dira."

Jeuri ya diploma, niamini.

Ijumaa, watu wakiwa msikitini na mtaa umenyamaza, nikashuka kubadilisha karatasi. Nikatia komeo kwa ndani, asije mtu akatikisa sakafu. Kugeuka, namkuta mwashi ameinama kando ya mashine, kanzu ina chokaa, mkononi ameshika timazi, ule uzi wa mafundi wenye kizito cha risasi nchani.

"Salaam aleikum, bwana msomi. Ukuta huu nimeujenga mimi. Waelekea kibla, na kibla ya hapa Mvita ni kaskazini. Dira yako yavutwa na kasha la chuma la huyo bibi, hapo nyuma ya ukuta. Hukuuliza?"

Akashusha timazi, akaigeuza mashine kidogo, akapita nyuma yangu. Nilipogeuka, hapakuwa na mtu. Komeo lilikuwa mahali pake.

Nikaitazama karatasi. Mashine ile huandika hata paka akipita. Hatua zangu za ngazini zilikuwepo, moja moja. Ilipogeuzwa, kalamu iliruka. Hatua zake yeye? Mstari mnyoofu.

Wiki ile ile Asia ikatetemeka, na mawimbi yakaja safi. Walimu walipoyachambua pamoja na yaliyofuata, mipaka miwili ikajitokeza, kilomita mia nne na mia sita na kitu chini yetu. Mashine ikabaki. Pale Makadara, mmoja wa waliocheka alininunulia kahawa.

Kazi ilipokwisha nikarudisha kila nilichoazima: meza kwa mjomba, ngazi kwa jirani, ufunguo kwa Bi Zuhura, pamoja na samahani yangu. Ikabaki timazi ya yule mwashi, niliyoiokota sakafuni Ijumaa ile. Imetundikwa chumbani kwangu. Nafunga madirisha, upepo hamna, na bado Ijumaa adhuhuri yazunguka polepole, nami naikodolea macho hadi mabega yaniume.

Niliwarudishia wote walioniazima, isipokuwa mmoja. Kwa hiyo wewe, mwenyeji akikuonyesha kibla, msikilize. Usingoje kuonyeshwa na mwingine.