Mwili wa Edinah

Huko Kapkatet, Edinah alitajwa kwa mwili wake. Kina mama wa kanisa walisema Kipngeno anajua kutunza mke, kwani mkewe alijaa mlango. Tena miaka ile ya tisini, aliyekonda, watu walinong'ona kuwa ana ugonjwa wa aibu, lakini mnene hakuulizwa lolote. Edinah aliupenda mwili wake, na kwa nini asiupende? Ulikuwa heshima yake. Kwamba alipumzika mara mbili akipandisha kikapu cha majani chai, hilo hakumwambia mtu.

Baridi ya Julai ikaleta homa ya mafua, ikamwangusha yeye na wifi yake Tecla siku moja. Tecla alikuwa mwembamba kama fito, na minong'ono ile ilimfuata. Watu wakamiminika kwake na maziwa ya mursik na maombi. Kwa Edinah walipita kusalimia tu.

"Wewe uko na mwili," walimwambia. "Hii itapita."

Naye akaitikia. Hapo ndipo ninapomkasirikia, maana tayari alikuwa hawezi kulala chali. Kifua kilimlemea mtu angedhani kimewekewa gunia la mahindi.

Lori la majani chai likapita na nafasi moja tu mbele, ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Kipngeno akamtazama mkewe.

"Tecla aende," Edinah alisema. "Mimi niko sawa."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku ya tatu Tecla alirudi akitembea, akaingia kwa wifi yake kumshukuru. Alimkuta ameketi kitandani, midomo imebadilika rangi, sentensi haimalizi. Tecla akakimbia barabarani kulisimamisha lori. Bosire, dereva, akachungulia.

"Mgonjwa ni gani? Huyu si ako na afya?"

"Mbebe," Tecla alimjibu.

Hospitalini nesi Dorcus alimwekea oksijeni, akakataa kabisa alazwe chali.

"Akilala, tumbo inasukuma mapafu," alisema. "Watu wenye mwili kubwa, homa kama hii inawashika vibaya kuliko wembamba. Kwa nini mmechelewa hivi?"

Kipngeno aliinamisha kichwa. Edinah angeweza kunyamaza, aiache lawama iwe ya mumewe. Lakini alikuwa amechoka kujificha.

"Ni mimi," alisema, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Niliogopa... wataniona... kama Tecla."

Tecla alikuwa nyuma yake kitandani, amemshikilia mgongo ili akae wima. Alisikia kila neno, na yalimuuma. Hakumwachilia.